Watoto wa Ukutani

Tulimwita Yaya, na aliitika hivyo hivyo hata kanisani. Jina alikuwa nalo, zuri tu, ila nadhani lilibaki kwao Bungoma pamoja na vitu vingine alivyoviacha huko. Hapa Nairobi alikuwa Yaya kwa watoto aliowalea, Yaya kwa wazazi wao, Yaya kwa askari wa getini. Mimi nilimsuka nywele kwa miaka mingi pale Kenyatta Market, nami nikamwita Yaya vilevile, ingawa kwa umri angeweza kuwa dada yangu mkubwa.

Habari ya kifo chake ilinifikia baada ya mazishi. Binti yake ndiye aliyenipigia. Nilikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, na ilibidi nimalize. Jioni yake, nikiwa nafagia nywele sakafuni, ndipo nilipoketi chini.

Sijui alizaliwa mwaka gani wala baba yake alikuwa nani. Wateja huambia msusi mambo mengi, lakini si hayo. Mimi nilimjua kwa kichwa chake, mikono yake na maneno yake.

Alikuwa akija Jumapili ya mwisho wa mwezi, akitoka kanisa lao upande wa Adams Arcade. Wasichana wanaovuta wateja kwenye vichochoro vya soko walimzoea. Msichana mgeni akijaribu, "Mamaa, kuja nikusuke, tuko na kiti," yeye angecheka na kusema, "Mimi niko na mtu wangu," kisha apite katikati ya moshi wa nyama choma akiwa ameshika mkoba wake kifuani kama mtu aliyebeba yai. Ndani ya mkoba kulikuwa na kichanuo chake mwenyewe. Hakutaka kichanuo cha watu.

Alitaka matuta ya kurudi nyuma, ya nywele zake tu, yasiyobana.

"Usinivute, Mama Mwende. Nikivutwa uso, mtoto anadhani nimekasirika."

Sikuwahi kumsikia mteja mwingine akichagua msuko kwa sababu hiyo.

Mikono yake haikujua kupumzika. Mimi nikiwa kichwani, yeye angekunja taulo zangu zote, na zikiisha angezikunjua azikunje upya. Mwende wangu alikuwa mdogo wakati huo, akilia kila siku pale saluni kwa sababu ya joto na kelele. Siku ya kwanza Yaya alipomsikia, aliinuka na nywele zake nusu, akachuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Ni wapi?" Mwende akamwonyesha kisigino. Kiatu kilikuwa kimemchubua, na mimi mama mtu nilikuwa nimemfokea tangu asubuhi bila kujua.

"Mtoto haulizwi kwa nini analia," aliniambia. "Kwa nini hajui. Muulize wapi."

Kwa watoto wa watu alikuwa na subira ya ajabu. Kule Spring Valley alikofanya kazi alilea watatu tangu wakiwa wachanga, na angeweza kunisimulia ndoto ya yule wa mwisho, ndoto yote, na joka lililokuwamo na rangi ya joka. Lakini simu ikilia na akawa ni mtoto wake mwenyewe, kutoka nyumbani, sauti ilibadilika. Ilikauka.

"Umekula? Umesoma? Haya. Mpe kukhu simu."

Kukhu ni nyanya kwa lugha yao. Watoto wake wawili, Nekesa na Simiyu, waliishi na huyo kukhu, mama yake Yaya. Nilidhani ni mwendo wa watu wa kwao, kwamba upendo hausemwi kwa simu. Baadaye niliona kwamba alikuwa anaogopa. Ukikaa mbali sana na mtoto hujui uanze wapi, kwa hiyo unauliza chakula.

Simu ikishawekwa chini, ndipo maneno yalipokuja. Alipenda kusimulia habari za watoto wake nami nilipenda kusikia.

"Simiyu? Huyo!" angesema. "Huyo analala tu. Ameegemea benchi, kibao kimelala kwa magoti, mdomo wazi. Na mwalimu hata hana habari, anachonga kalamu yake."

"Na Nekesa?"

"Nekesa ndiye mama yao huko. Amekaa na wale wadogo, anawasomesha. Anaweka kidole kwa herufi hivi, polepole, mpaka mtoto aseme."

Tulicheka. Wasichana wangu wa saluni walimjua Simiyu kama jirani. Mmoja wao akisinzia kitini tulimwambia, "Wewe Simiyu, amka." Miaka ikaenda. Mwende wangu alimaliza darasa la nane, akaingia sekondari, akaanza kunijibu vibaya. Na Simiyu aliendelea kulala darasani. Sikupiga hesabu. Mtu aliye na mikono kwenye nywele hahesabu umri wa watoto wa wenzake.

Kisha kukatokea harusi kwa ukoo wa waajiri wake, na madam akamtuma Yaya aniite nyumbani niwasuke mabinti. Nilipanda huko Spring Valley na begi langu. Nyumba ilikuwa kubwa na kimya, na miti mirefu imeifunika mpaka taa zilikuwa zinawaka mchana. Madam alikuwa wakili, mama mpole. Alinipa mkono, akaniuliza kama nimekunywa chai. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisikia habari hii humtafutia Yaya adui, na huyo mama hakuwa adui yake.

Nilipomaliza kusuka, Yaya alinishika mkono. "Kuja uone watoto wangu."

Nilidhani ananipeleka kwenye chumba chake cha nyuma, nikaone picha za studio zilizobandikwa ukutani. Lakini aliniingiza sebuleni, akanisimamisha mbele ya picha kubwa yenye fremu nzito. Ilikuwa nakala ya mchoro wa kale; mume wa madam aliinunua alipokuwa akisoma ng'ambo. Ilionyesha darasa la watoto wa Kizungu wa zamani sana. Chumba kilikuwa na giza kama ghala, dirisha moja juu, na mwanga wake umeangukia vichwa vya watoto. Walikuwa wengi, wengine kwenye mabenchi, wengine chini sakafuni. Nilishangaa kwamba hata hao walisoma wakiwa wamekaa chini. Wawili walikuwa wanapigania kitu. Mmoja amevaa kofia ya karatasi anawachekesha wenzake. Na mwalimu, mzee mwenye kofia nyeusi, ameinamia meza yake anachonga kalamu ya unyoya kwa kisu, hamwoni yeyote.

"Huyu ndiye Nekesa," Yaya alisema. Alionyesha msichana mwenye kitambaa cheupe kichwani, amemshikia mtoto mdogo kitabu, kidole kimewekwa juu ya herufi. "Na huyu, jina lake unalijua."

Chini, pembeni, kulikuwa na mvulana amelala. Ameegemea benchi, kibao magotini, mdomo wazi.

Nikacheka. "Yaya! Kumbe ni hawa? Miaka yote hii unatuambia habari za ukuta?"

Yeye hakucheka. Alitoa kitambaa mfukoni mwa aproni, akapitisha kwenye kona ya fremu, mahali ambapo hapakuwa na vumbi lolote.

"Wanafanana nao," alisema. "Siku ya kwanza nilipoingia hii nyumba niliwaona. Nikasema, hawa wamenifuata."

Sikuuliza zaidi. Nilidhani ni mchezo wa mtu mpweke, na kila mpweke hapa mjini ana wake.

Nekesa wa kweli nilimwona muda mfupi baadaye. Alikuwa amemaliza chuo na kupata kazi kwenye ofisi katikati ya jiji. Yaya alinieleza kwamba binti yake amekataa kukanyaga Spring Valley, kwa hiyo amemwambia wakutane kwangu. Jumapili hiyo Yaya alifika mapema kuliko kawaida. Hakutaka kusukwa. Alikunja taulo, akazikunjua, akazikunja.

Akaingia msichana mrefu, amevaa suruali ya kazini na viatu safi, akasimama mlangoni. Walisalimiana kwa mkono. Yaya alikuwa ameinua mikono yote miwili, kisha akaushusha mmoja.

"Umekula?" Yaya akauliza.

"Nimekula. Niko sawa."

"Ngoja nilete nyama. Hapa wanachoma vizuri. Ngoja."

"Si lazima," Nekesa alisema, lakini Yaya alikuwa amekwisha kutoka.

Tukabaki wawili. Nilitaka kumchangamsha mgeni. Nikamwambia akae, nikamwambia mama yake anamsifu sana. Yeye aliitikia kwa kichwa tu. Nikasema, "Na huyo ndugu yako Simiyu, bado anawalalia walimu darasani?"

Aliniangalia kana kwamba nimemmwagia maji.

"Simiyu alikufa," alisema. "Alikufa kwa malaria nikiwa darasa la tano."

Nilisikia mashine ya kukaushia nywele ikinguruma upande wa pili wa ukuta.

"Nani alikuambia analala?"

"Mama yako," nilisema. "Mwezi uliopita."

Yaya alirudi na nyama kwenye karatasi, na kachumbari, na ugali wa moto, anahema kwa haraka. Akaweka kila kitu juu ya meza yangu ya vichanuo. Nekesa hakugusa.

"Unaambia watu nini kuhusu Simiyu?"

Yaya alisimama vilevile, mikono ina mafuta.

"Kwamba analala," alisema.

"Aki wewe." Nekesa alichukua mkoba wake. Hakupaza sauti, ingekuwa afadhali angepaza. "Mimi nilikuwa pale. Mimi ndiye nilikuwa namshika kichwa. Wewe ulikuwa unalea watu wengine. Usiniambie analala."

Akatoka. Nilitambua baadaye kwamba hakumwita mama hata mara moja. Hilo neno, kama nilivyokuja kujua, alikuwa amempa kukhu tangu utotoni.

Yaya aliketi. Tulikula ile nyama mimi na wasichana wangu, kwa sababu alitulazimisha. Alipoona namtazama alisema, "Mimi si mwendawazimu, Mama Mwende. Najua mahali alipo. Nilimtupia mchanga kwa mkono wangu huu."

"Najua, Yaya."

"Lakini kila asubuhi nikishika kitambaa, nikifika pale kwa picha, yuko. Halii. Hana homa. Mtoto wa picha haulizi utakuja lini."

Baada ya siku hiyo walikaa muda mrefu bila kusemezana. Yaya aliendelea kuja kwangu kila mwisho wa mwezi, ila habari za watoto zilikatika. Angesimulia za wale wa Spring Valley: mkubwa amepata leseni ya kuendesha gari, wa kati ameacha kula nyama. Aliwapenda kwa dhati. Kuna watu waliofikiri ni upendo wa mshahara, si kweli. Wa mwisho alipopelekwa shule ng'ambo, Yaya aliugua wiki nzima, hakujua kinachomuuma, na daktari hakukiona. Mimi nilipoanza kumlaumu madam mbele yake, nikisema watu hao wamekula ujana wake na malezi ya watoto wake, alinikata.

"Usiseme hivyo. Huyo mtoto alijifunza kutembea akishika vidole vyangu. Utaniambia hivyo vidole vilikuwa vya nani?"

Nikarudisha mikono kwenye nywele zake.

Alikuwa mkali kwa mayaya wengine, jambo lililonishangaza kwa mtu mpole vile. Akimwona msichana kando ya barabara amebeba mtoto wa mwajiri huku macho yakiwa kwenye simu, angemwendea asiyemjua na kumwambia, "Mama yake yuko kazini anafikiri unamtazama. Mtazame." Wengine walimtukana. Mmoja alimuuliza, "Na wako nani anamtazama?" Yaya akaenda zake. Alinisimulia mwenyewe, akaongeza, "Aliuliza swali zuri."

Siku moja tulikwenda pamoja mjini kununua nywele za bandia kwa jumla kule River Road. Tulipomaliza, aliniomba tupitie barabara fulani, mzunguko usio na maana, na mimi nilikuwa nimebeba mzigo. Alisimama ng'ambo ya jengo moja refu, chini ya kivuli cha duka la viatu, akashika mkoba wake kifuani. Saa ya chakula cha mchana ikafika na watu wakaanza kumwagika nje. Akatokea Nekesa na wenzake, wanacheka. Mmoja alisema kitu na Nekesa akainama kabisa, akamshika mwenzake bega, akacheka kwa mwili wote.

"Anacheka kama kukhu," Yaya alisema polepole.

Nilijua hapo kwamba si mara yake ya kwanza kusimama mahali pale.

"Si umwite?"

"Nikimwita ataacha kucheka."

Tulisimama mpaka wakapinda kona. Kisha akanipokea nusu ya mzigo wangu, tukaenda zetu, na njia nzima alinieleza jinsi ya kupika mrenda usiwe na utelezi mwingi.

Mwishowe waajiri wake walihama. Mume alipata kazi ng'ambo, watoto walikuwa huko tayari, na nyumba ikauzwa. Madam alilia, Yaya akambembeleza. Madam alimuuliza kama kuna kitu chochote angependa kuachiwa katika nyumba ile, chochote, aseme tu. Yaya akaomba sufuria za jikoni.

Aliponiambia hivyo nilishindwa kunyamaza. "Kwa nini hukuomba ile picha? Angekupa."

"Angenipa," alikubali. "Ningeiweka wapi? Nyumba ya chumba kimoja, Mama Mwende, nikigeuka hivi namwona, nikipika namwona, nikilala namwona. Pale nilikuwa naipangusa, namaliza, naenda jikoni."

Siku wabebaji walipokuja na mablanketi yao ya kufungia vitu, aliwaomba wangoje kidogo. Wakangoja, wakidhani kuna kitu cha thamani anataka kuondoa. Alipangusa fremu yote, juu na chini, akapangusa kioo. Halafu akawaambia, "Sasa chukueni," akaingia jikoni kuosha vikombe vyao vya chai. Hakutaka kuona ikitolewa mlangoni.

Hiyo ilikuwa wiki ile ile aliyokuja kwangu mara ya mwisho.

Ilikuwa siku ya kazi, si Jumapili, na soko lilikuwa kimya. Nilimwona akija na begi la nguo mkononi, matuta yake yamechakaa. Akaketi. Nikachukua kichanuo chake.

"Leo usisuke," alisema. "Ninyoe."

"Zote?"

"Zote."

Nilimtazama kwenye kioo. Wanawake wa umri wake hunyoa siku hizi, ni rahisi kutunza, lakini uso wake haukuwa wa mtu anayetafuta urahisi.

"Kwetu," alisema, "baada ya mazishi kuna siku ya kunyoa. Watu wote wa boma wanakaa uani, wananyolewa, halafu maisha yanaruhusiwa kuendelea. Simiyu tulipomzika, mimi sikungoja hiyo siku. Niliondoka."

"Walikuita kazini?"

"Hapana. Madam alisema nikae mpaka nimalize kila kitu. Hakuna aliyenilazimisha, Mama Mwende. Mimi ndiye nilikimbia."

Nilikuwa nimeshika mashine, nikairudisha mezani. Mimi ni Mkamba, ya kwao siyajui yote, lakini kila kabila lina mambo ambayo mkono wa mgeni hauyagusi.

"Yaya, hii si kazi ya saluni. Inataka mtu wenu."

"Mtu wetu hashiki simu yangu."

Nikatoa yangu. Nekesa alishika, kwa sababu namba hakuijua.

"Nekesa, ni Mama Mwende wa Kenyatta Market. Mama yako yuko hapa kwangu. Anataka kunyolewa, kwa ajili ya Simiyu."

Nilisikia watu wa ofisini wakiongea nyuma yake.

"Sasa hivi?" aliuliza.

"Sasa hivi."

Akakata.

Hatukujua maana ya kukata kule. Nilianza kumfumua matuta, moja baada ya jingine, taratibu, kwa sababu kama binti haji ningefanya nini? Nywele zilipofunguka niliona zimejaa mvi kuliko nilivyokuwa nikidhani. Kwenye matuta zilikuwa zinajificha. Hakukunja taulo siku hiyo. Mikono ilikaa mapajani, imetulia, na hilo lilinitia hofu kuliko kitu kingine.

Nekesa aliingia jua likiwa limeshuka, na kitambulisho cha kazi bado kinaning'inia shingoni chini ya skafu ya bluu. Hakusalimu. Alisimama nyuma ya kiti, akamtazama mama yake kwenye kioo.

"Siku ile nilikutafuta," alisema. "Walipoanza kunyoa, mama, yaani kukhu, alisema nikuite. Nikaenda kwa shamba la miwa, nikadhani umeenda kulia huko usionekane. Nikaita mpaka jioni. Nilikuwa na nywele nusu."

"Nilikuwa kwa basi," Yaya alisema.

"Kwa nini?"

Wasichana wangu walikuwa wametoka nje bila kuambiwa.

"Nilipofika waliniletea kiti cha wageni. Boma yetu, na naletewa kiti cha wageni. Nikamwangalia Simiyu, amevalishwa shati ya kijani. Ile shati sikuijua. Sijui nani alimnunulia. Nikasema, nikikaa hapa wataniuliza alikuwa anapenda nini, aliogopa nini, na sitakuwa na jibu. Kule kazini kulikuwa na mtoto mdogo alikuwa analia, na huyo nilijua analilia nini."

"Shati ilikuwa ya shule jirani," Nekesa alisema. "Alipewa na rafiki yake. Alikuwa anaipenda." Akaongeza, "Aliogopa bata mzinga."

"Bata mzinga?"

"Wa jirani. Alikuwa anapitia nyuma ya choo asikutane naye."

Yaya alifunika mdomo kwa mkono. Mabega yakaanza kutikisika, na kwa kitambo sikujua kama anacheka au analia, na sidhani yeye mwenyewe alijua. Nilimjua kwa miaka yote hiyo, na nilikuwa sijawahi kumwona akitoa chozi.

Nekesa alivua kitambulisho, akakiweka mezani. Akachukua mkasi wangu. Alikata kwanza yale marefu, kwa hofu, vipande vidogo vidogo, vikaanguka begani na magotini. Kisha nikampa mashine na kumwonyesha jinsi ya kuishika. Nyuma ya sikio alimkwaruza mama yake, tone la damu likatoka.

"Nimekukata?"

"Endelea."

Aliendelea. Mashine ikapita huku na huku mpaka kichwa kikawa cheupe chote, kidogo kuliko nilivyotarajia, na kovu la zamani karibu na utosi ambalo hata mimi msusi sikuwahi kuliona. Nekesa aliligusa kwa kidole, akaliacha. Nilijua anataka kuuliza na hajui kama ana haki.

Nikafagia. Zile nywele sikuzitupa na za wateja. Nilizifunga kwenye gazeti nikampa Nekesa, naye akazitia mkobani bila kuniuliza.

"Unalala wapi?" alimuuliza mama yake.

"Kwa mtu wa kanisa. Kawangware."

Nekesa alitazama lile begi la nguo kando ya kiti.

"Kwangu ni padogo," alisema. "Na kesho niko kazini mpaka jioni. Ufunguo nitaacha kwa jirani."

"Sawa."

"Kuna kitanda kimoja."

"Sawa."

Hawakukumbatiana. Yaya alinishika mikono yote miwili, akaikamua. Nekesa alibeba begi. Nje upepo wa jioni ulikuwa umeanza, ule wa baridi wa mwezi wa saba, na niliona Yaya akiinua mabega ulipompiga kichwani. Nekesa alisimama. Aliweka begi chini kwenye vumbi la soko, akavua skafu yake ya bluu, akamgeuza mama yake na kuanza kumfunga. Hakujua kufunga. Alizungusha, akafungua, akazungusha tena, akapiga fundo mahali pasipofaa, na ncha moja ikabaki inaning'inia juu ya jicho.

Yaya, ambaye hakupenda hata kichanuo cha watu, hakuirekebisha. Alitembea hivyo hivyo, skafu imekaa upande, hatua moja nyuma ya binti yake, mpaka wakapotea kwenye moshi wa nyama.